Vijana wasioona na kambi za mazingira: Burundi inaogopa nini?

Simu iliingia katika chumba cha habari dakika chache baada ya taarifa ya mchana kumalizika. Aliyepiga alikuwa mama mmoja wa Buyenzi, hapa Bujumbura, na swali lake lilikuwa fupi: wanaandikisha wapi? Siku hiyo tulikuwa tumesoma habari kuhusu kambi za mazingira zinazowakutanisha vijana wasioona, wenye uoni hafifu na wenzao wanaoona, ambao kwa siku kadhaa hulala katika mahema, hupika pamoja na kutembea msituni pamoja. Mwanawe wa miaka 16, asiyeona tangu utotoni, aliisikia habari hiyo redioni na kumsihi mama yake apige simu mara moja. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeitafsiri kutoka Kifaransa, simu ikaletwa kwangu. Nikamweleza kwamba kambi hizo ziko Ulaya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi mngetuambia mapema, mwanangu."

Alikuwa na haki. Neno Ulaya lilikuwa limejificha katika sentensi ya mwisho, na hilo ni kosa la mfasiri, si la msikilizaji. Lakini kabla ya kukata simu aliuliza mambo mengine matatu, kana kwamba kambi ingeanza kesho yake asubuhi: usiku nani atalala karibu na mwanawe, na maji je, maana ziwa lina mamba, na je, watakuwapo pia vijana wanaoona, au ni wale wale wa shule yake? Maswali hayo yamebaki nami kuliko habari yenyewe, kwa sababu yanagusa jambo ambalo hapa Burundi bado halijawekwa mezani.

Kwanza, lakini, kuna tatizo la neno. Kwa Kifaransa, kambi ya likizo ni kitu cha furaha ambacho hakihitaji maelezo. Kwa Mrundi anayesema Kiswahili, kambi ni Mtabila, iliyofungwa mwaka 2012, ni Nyarugusu, ni Nduta. Au ni Kambi Muha yenye askari langoni. Ni mahali mtu anapopelekwa, mara nyingi bila kuulizwa, na asipojua atatoka lini. Tulijaribu kuandika "matembezi", lakini matembezi hayalali nje. Tulijaribu "mafunzo", tukaona tumekwisha kuwarudisha watoto darasani. Mwishowe tulibakiza kambi, tukaongeza "ya mazingira", na huenda ni vema ilivyokuwa. Neno linaweza kupata maana ya pili iwapo kutakuwa na kitu cha kuliitia.

Sheria ipo, likizo haipo

Burundi haikosi sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, uliridhiwa na Burundi mwaka 2014. Januari 2018 ikatoka sheria ya taifa ya kukuza na kulinda haki za watu hao. Katika mkataba, ibara ya 30 inazungumzia utamaduni, burudani, mapumziko na michezo, na inazitaka nchi zihakikishe kwamba watoto wenye ulemavu wanashiriki katika michezo na mapumziko sawa na watoto wengine. Haisemi washiriki kwa kadiri wafadhili watakavyopatikana. Inasema sawa na wengine.

Hata hivyo, mjadala kuhusu ulemavu wa macho nchini mwetu kwa kawaida huishia katika mambo mawili: shule na tiba. Na hapo kuna mafanikio ya kujivunia. Mwezi Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Burundi imeutokomeza ugonjwa wa trakoma, au vikope, kiasi kwamba si tatizo tena la afya ya umma. Ni kazi ya miaka mingi ya dawa, maji safi na upasuaji wa kope, na imewaepusha maelfu na giza. Dhidi ya usubi nako, ule upofu unaoletwa na inzi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, dawa imekuwa ikigawiwa mwaka hadi mwaka katika maeneo yaliyoathirika, yakiwemo ya Cibitoke na Bururi. Lakini sherehe za kuzuia upofu haziwahusu wale ambao tayari hawaoni. Kwao, baada ya shule na tiba, kinachobaki ni ukimya. Inapofika likizo kuu ya Julai na Agosti, kijana anayeona huenda kwa bibi yake milimani, huchunga mbuzi, huogelea, hupotea njia na kurudi amechubuka magoti. Kijana asiyeona hutoka bwenini akaketi kwenye kiti cha nyumbani karibu na redio.

Si kwamba hapendwi. Mara nyingi ndivyo anavyopendwa.

Yule kijana wa Buyenzi anaishi mahali ambapo mtu akitembea kwa miguu hafikishi saa moja kabla ya kulifikia Ziwa Tanganyika. Mama yake aliniambia kwamba hajawahi kutia mguu wake katika maji hayo. Analijua ziwa kwa harufu ya ndagala sokoni na kwa upepo wa mchana unaovuma kutoka majini kuelekea nchi kavu. Kwamba upepo huo hugeuka usiku na kuvuma kutoka nchi kavu kuelekea majini, hakuna aliyempa nafasi ya kulitambua kwa ngozi yake mwenyewe.

Wale saba wa mwaka 1969

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Historia ya kanda yetu inawapinga. Mwaka 1969 vijana saba wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walipanda Mlima Kilimanjaro. Mpango huo uliandaliwa na shirika la Jumuiya ya Madola la kuwahudumia wasioona, ambalo leo linajulikana kwa jina la Sightsavers, na ambalo wakati huo liliongozwa na John Wilson, Mwingereza ambaye mwenyewe alipoteza macho yake akiwa mvulana. Vijana hao walifanya mazoezi Loitokitok, upande wa Kenya chini ya mlima, katika shule ya mafunzo ya nje ambako vijana wanaoona walikuwa wakifundishwa kupanda mlima huo huo. Kwa hiyo, zaidi ya nusu karne kabla ya kuitafsiri ile habari yangu, Afrika Mashariki ilikuwa tayari na vijana wasioona wanaolala katika mahema, wanaobeba mizigo yao na kujifunza ardhi kwa nyayo.

Kilichofuata kinafundisha kuliko kilele chenyewe. Mwaka 2005 Mkenya Douglas Sidialo, aliyepoteza macho katika shambulio la bomu dhidi ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, alifika kileleni Kilimanjaro katika msafara mmoja na Mmarekani Erik Weihenmayer, mtu wa kwanza asiyeona kufika kilele cha Everest, mwaka 2001. Vyombo vingi vya habari vilimwandika Sidialo kuwa Mwafrika wa kwanza asiyeona kufika huko. Ujasiri wake hauna mjadala, na kutokana na msafara ule ulizaliwa mfuko unaosaidia kuwapatia wanafunzi wa kanda hii mashine za kuandikia nukta nundu. Lakini wale saba walikuwa wamekwisha kusahauliwa. Tendo lilifanyika, likapigwa picha, likapongezwa, kisha likakosa mtoto. Loitokitok haikugeuka kuwa desturi ya kila likizo kwa kila shule ya wasioona kutoka Thika hadi Tabora.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaopenda habari za vilele. Mlima ni mzuri kwa gazeti. Kijana wa Buyenzi hahitaji kilele; anahitaji Jumamosi tatu, mahema manne na wenzake wa rika lake. Anayemsifu asiyeona kwa kupanda Kilimanjaro anaweza siku hiyo hiyo kumkataza mwanawe asiyeona kuvuka barabara ya Bwiza, wala asione mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Hofu zenye sababu

Itakuwa ni dharau kumwambia mama yule kwamba hofu yake ni ujinga. Si ujinga. Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, iliyo karibu zaidi na Bujumbura, ina viboko na mamba, na ni katika maji hayo ndipo Gustave alipojipatia sifa iliyovuka mipaka kwa kuhusishwa na vifo vya watu wengi. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda na mto Rusizi umefurika hadi majumbani huko Gatumba, na viboko wamesogea karibu na makazi ya watu. Anayepanga kambi huko na kuanza kwa kuzungumzia uzuri wa ndege amekosea mwanzo.

Iko pia hofu nyingine ambayo hatupendi kuitaja. Miongoni mwa vijana wetu wenye uoni hafifu wamo wenye ualbino. Upungufu wa rangi mwilini hauishii kwenye ngozi na nywele. Huathiri pia namna sehemu ya nyuma ya jicho inavyokua, na ndiyo maana wengi wao huona karibu tu, huumizwa na mwanga, na macho yao hutikisika bila wao kutaka. Kuanzia mwaka 2008 watu wenye ualbino waliuawa nchini Burundi, hasa katika maeneo ya Ruyigi na Cankuzo, ambayo leo yamo katika mkoa mpya wa Buhumuza, na viungo vyao vikauzwa kwa ajili ya uchawi. Mwaka 2009 mahakama mjini Ruyigi iliwahukumu watu kadhaa. Wakati huo watoto na watu wazima wenye ualbino walikusanywa mjini wakaishi chini ya ulinzi. Kwa familia hizo, mtoto kwenda mbali na nyumbani, porini, pamoja na watu wasiofahamika, hakuitwi burudani. Kunafanana mno na jinsi mauaji yalivyoanza.

Lakini kumbukumbu nyingine inapaswa kuwekwa pembeni ya hizo. Usiku wa manane wa tarehe 25 Oktoba 2022, moto uliteketeza bweni la shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono nchini Uganda. Watu 11 walikufa. Hawakuwa porini. Hapakuwa na mamba wala mto. Walikuwa ndani ya kuta, mahali ambapo kila mzazi angesema kwamba mtoto yuko salama. Sitaji msiba ule ili kuilaumu shule. Waliofiwa wanajua zaidi yangu. Nautaja kwa sababu unavunja hesabu tuliyoizoea, ile inayosema kwamba ndani ni usalama na nje ni hatari. Mtoto asiyefundishwa kutafuta njia ya kutoka mahali asipopajua yuko hatarini kila mahali, na ujuzi huo haupatikani kwa kuketi.

Kamba, kiwiko na mpangilio

Basi kambi nzuri hufanywaje? Waliozoea kazi hii hawaanzi na ndege wala miti. Huanza na kamba. Mahema hupangwa katika mstari mmoja ulionyooka, si kwa duara la kupendeza, na kamba imara hufungwa usawa wa kiuno kutoka hema la kwanza hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi chooni. Fundo moja hemani, mafundo mawili jikoni, matatu chooni. Kabla ya jua kutua, kila mmoja, anayeona na asiyeona, huipita njia hiyo mara kadhaa peke yake. Bustani ya mimea ya Kirstenbosch, jijini Cape Town, ina njia ya namna hiyo hiyo kupitia miti yake: kamba ya kushika, na maelezo ya nukta nundu njiani. Kamba haina umeme, haihitaji intaneti, na soko la Bujumbura halijawahi kuikosa.

Kisha huja kiwiko. Sote tunaijua picha ya mitaani: mzee asiyeona ameshika ncha moja ya fimbo, mtoto ameshika ncha nyingine na kumvuta. Katika kambi mambo hugeuzwa. Asiyeona ndiye anayemshika mwongozaji, kwa wepesi, juu kidogo ya kiwiko, akitembea nusu hatua nyuma yake. Mwili wa mwongozaji ukishuka, naye anajua kuna bonde, ukisimama, anasimama. Tofauti inaonekana ndogo, lakini anayevutwa hajui anakokwenda, ilhali anayeshika anaweza kuachia. Kijana anayeona hujifunza jambo hilo kwa dakika kumi, na huenda likamkaa maisha yake yote.

Hapa pia nina neno kuhusu mchezo unaopendwa sana, ule wa kuwafunga vitambaa machoni vijana wanaoona ili "wahisi" upofu. Ningeshauri uachwe. Anayefungwa kitambaa kwa nusu saa hajifunzi maisha ya asiyeona. Anajifunza hofu ya dakika za kwanza, kisha anakivua kitambaa akiwa amejaa huruma na shukrani kwamba yeye si mwenzake. Afadhali usiku uingie wenyewe. Taa zikizimwa, wanaoona na wasioona wakitumwa pamoja kuchota maji kwa kufuata kamba, hakuna haja ya kumweleza mtu nani anajua zaidi.

Kwa wenye uoni hafifu, ambao ndio wengi zaidi miongoni mwa wenye ulemavu wa macho, mahitaji ni mengine. Kamba za mahema hufungwa vitambaa vya njano au vyeupe ili zitofautiane na nyasi. Maelezo huandikwa kwa herufi nene. Matembezi hufanyika alfajiri na alasiri, si saa sita mchana, na kwa wenye ualbino kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua ni lazima kama maji ya kunywa. Mafuta ya aina hiyo hutengenezwa Moshi, chini ya ule ule Mlima Kilimanjaro, mahususi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Yaani dawa iko jirani.

Na mazingira yenyewe? Yana mengi kwa vidole na masikio kuliko tunavyodhani sisi tuliozoea kuyatazama. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, lina konokono ambao makombe yao yana miiba, mistari na mizunguko kama ya baharini, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Mtaalamu mashuhuri wa konokono na makombe, Geerat Vermeij, profesa wa California aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1946, haoni tangu akiwa mtoto mdogo. Ameifanya kazi yake yote kwa ncha za vidole. Ukimweka kijana wa Buyenzi ufukoni na kikapu cha makombe hayo, akayapanga kwa kugusa, hatakuwa anachezeshwa. Atakuwa ameanza sayansi.

Mahali pa kuanzia

Kwa kambi ya kwanza nisingechagua Rusizi, kwa sababu nilizokwisha kuzitaja. Kibira ni msitu wa ajabu, lakini hali ya usalama huko imekuwa ikibadilika, na hakuna mzazi atakayekubali kambi ya kwanza ianze kwa maswali ya aina hiyo. Ruvubu ni mbali, na uhaba wa mafuta ya gari, unaowafanya madereva wapange foleni kwa siku, unaua mpango wowote unaotegemea basi. Ni afadhali kuanza kwa siku moja katika Musée Vivant, hapa hapa mjini, ambako mtoto anaweza kumsikia mamba akiwa nyuma ya ukuta badala ya kumwogopa katika hadithi. Kisha Mugere, kusini kidogo mwa mji, kwenye jiwe la Livingstone na Stanley, ambako maandishi yamechongwa kwenye mwamba na anayetaka anaweza kuyafuata kwa kidole. Kisha, kwa siku mbili au tatu, Kigwena, kipande cha msitu wa bondeni kilichosalia kando ya barabara ya Rumonge kuelekea Nyanza-Lac, karibu na makazi ya watu na vituo vya afya.

Ningeongeza Rutovu, kwa sababu ya kibinafsi. Huko ndiko iliko chemchemi ya kusini kabisa ya mto Nile, aliyoitafuta Mjerumani Burkhart Waldecker katika miaka ya 1930, na piramidi dogo la mawe limejengwa juu ya kilima chake. Nilipokwenda na wenzangu wa shule tulivunjika moyo: ni maji membamba tu, hayafai hata picha. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba tulikuwa tumeyapelekea macho kitu ambacho si cha macho. Mto mrefu kiasi kile, unaofika Misri, na hapo unaweza kuuzuia wote kwa kiganja kimoja na kuhisi unavyokusukuma.

Je, ni nani atakayeandaa? Fedha si kikwazo cha kwanza, ingawa kila mkutano huanza kwa kuzilalamikia. Maskauti wana vikundi na wana mazoea ya mahema. Msalaba Mwekundu wa Burundi una watu wa kujitolea waliofunzwa huduma ya kwanza hadi vijijini. Ofisi ya taifa ya ulinzi wa mazingira, OBPE, ndiyo inayosimamia hifadhi na ndiyo yenye waongozaji. Shule za wasioona zina walimu wanaojua nukta nundu na fimbo nyeupe. Kinachokosekana ni barua moja inayowakutanisha hawa wote, na kijana asiyeona au mzazi wake akiwa mezani tangu kikao cha kwanza, si siku ya ufunguzi ili apigwe picha. Wizara yenye dhamana ya mshikamano wa kitaifa ina sheria ya mwaka 2018 mkononi. Inaweza kuiandika barua hiyo bila kusubiri mfadhili.

Nusu ya washiriki wawe vijana wanaoona. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo litakaloachwa kwanza, kwa hoja kwamba nafasi ni chache na wahitaji ni wengi. Lakini kambi ya wasioona peke yao, hata ikiwa nzuri, ni bweni lililohamishiwa msituni. Kijana atarudi mtaani kwake Buyenzi ambako hakuna hata mmoja wa rika lake aliyewahi kumshika kiwiko. Akirudi na mwenzake wa mtaa wa pili waliolala hema moja, Jumapili inayofuata kuna mtu wa kwenda naye ziwani.

Nilimpigia tena mama yule wiki iliyopita, nikiwa nimeandika sehemu kubwa ya uchambuzi huu, ili nimwombe ruhusa ya kueleza maswali yake bila kutaja jina. Alikubali. Nilipomsomea mpango wa kamba na mafundo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba la maji na la wanaoona ameyaelewa, lakini la usiku bado sijamjibu. Ni kweli, sijamjibu. Kwa upande wangu ningependekeza mzazi mmoja kwa kila hema kwa kambi ya kwanza, naye anasema hilo ataliweza, mradi iwe wakati wa likizo na si siku ya soko. Mwanawe, alisema, ameanza kupima kamba ya kuanikia nguo uani: hatua kumi na nne kutoka mlangoni hadi kisimani.